Waliomwaga Sumu Walikuwa Wachache

Mwezi Machi 1999, Serikali ya Uganda ilichukua hatua ambayo nchi inayotegemea fedha za kigeni haiichukui kwa urahisi: ilisimamisha yenyewe usafirishaji wa samaki wa Ziwa Victoria kwenda nje. Magazeti yalikuwa yameandika habari za watu waliodhurika kwa samaki waliovuliwa kwa sumu. Mwezi uliofuata Umoja wa Ulaya ukafunga soko lake kabisa, na haukuifungia Uganda peke yake. Tanzania na Kenya nazo zikaingia katika marufuku ile ile, kwa sababu ziwa ni moja na sangara hajui mpaka.

Fikiria maana yake kwa mtu wa kawaida. Viwanda vya minofu vya Mwanza, Kisumu na Jinja vilikuwa vimejengwa kwa ajili ya soko hilo. Soko likifungwa, wakala wa kiwanda hana sababu ya kuja mwaloni na barafu yake. Wakala asipokuja, bei ya sangara inaanguka siku hiyo hiyo. Anayeumia si mvuvi peke yake. Wapo vijana wanaopakia samaki, mafundi wa mitumbwi, washona nyavu, mama lishe anayepikia watu uji alfajiri, na mwenye duka aliyekopesha mafuta ya injini akitegemea kulipwa jioni. Wengi wao hawakuwahi kuishika chupa ya sumu maishani mwao. Waliomwaga sumu walikuwa wachache, lakini hasara waliibeba wote.

Uganda ilirudi sokoni mwaka ule ule, Tanzania ikafuata baadaye. Kenya ilisubiri zaidi ya mwaka mmoja.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu naamini hakikuwa cha wavuvi peke yao. Kinaweza kumpata mtu yeyote anayeishi na wenzake juu ya kitu kimoja, iwe ni ziwa, kisima, msitu au mfuko wa fedha. Mimi nimo humo, na wewe pia ndugu msomaji. Tukikisoma kama habari ya watu waovu wa mbali, tutapitwa na lililo muhimu, kwa maana wengi waliohusika katika kuanguka kule walikuwa watu wema.

Uvuvi wa sumu ni rahisi mno, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Dawa ya kuulia wadudu wa mashambani, ile inayopuliziwa pamba na mboga, inamwagwa kwenye ghuba yenye maji ya kina kifupi, pembezoni mwa mafunjo, ambako sato wanazaliana. Baada ya muda samaki wanaanza kuelea, wakubwa kwa wadogo, na kazi inayobaki ni kuwaokota. Hakuna kukesha na baridi ya ziwani, hakuna nyavu kuibwa, hakuna kurudi na kapu tupu. Faida inaingia mfukoni mwa mtu mmoja usiku huo huo. Hasara, yaani vifaranga waliokufa, maji ambayo watu wanachota kwa ndoo na jina la samaki wa ziwa zima, inagawanywa kwa maelfu ya watu, tena kidogo kidogo, kiasi kwamba mmwagaji haioni sehemu yake.

Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliieleza hali hii katika makala iliyopata sifa kubwa. Kila mmoja akifuata hesabu yake mwenyewe, alisema, mali ya pamoja itaangamia na wote wataangamia nayo. Kwa mawazo yake hapakuwa na njia ila kuigawa mali hiyo kwa watu binafsi au kuiweka chini ya mkono wa serikali. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa sehemu. Kasoro yake, nitaieleza baadaye, ni kudhani kwamba watu wanaokaa pamoja hawasemezani.

Turudi nyuma kidogo ziwani, maana kilichotokea 1999 kilitanguliwa na dalili nyingi, na dalili hizo ndizo zinazotuhusu.

Sangara hakuwa samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda hakuonekana sana, kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla. Furu, wale samaki wadogo waliokuwa na mamia ya aina, walipungua kwa kasi ya kutisha. Wataalamu walikadiria kwamba aina 200 hivi zilitoweka. Baada ya sangara vikaja viwanda, na baada ya viwanda wakaja watu. Visiwa vilivyokuwa na kaya chache vikajaa vibanda. Watu waliacha mashamba, migodi na hata kazi za ofisini wakanunua mtumbwi. Mwaka 2000, nchi tatu zilipohesabu wavuvi kwa pamoja, walikutwa takriban 129,000. Kufikia 2006 walikuwa wanakaribia 200,000.

Hapa palikuwa na dalili ambayo haikupewa uzito. Zamani mwaloni watu walijuana. Ukikosea, mzee alijua nyumba yenu. Sasa mwalo ulijaa wageni waliokuja kwa msimu na kuondoka samaki walipohama. Mtu asiyekusudia kuonana nawe mwakani ana sababu ndogo ya kuogopa jicho lako. Kuwapokea wageni hakukuwa kosa hata kidogo. Kosa lilikuwa kuwapokea bila kuketi nao chini na kuwaambia: hapa tunavua hivi, na anayekiuka tunamfanya hivi.

Nyavu nazo zilisema. Sheria ilitaka macho ya wavu wa sangara yasipungue inchi 5, ili wadogo wapite wakakue. Kulipima jicho la wavu hakuhitaji mtaalamu. Unalinyoosha na kuweka rula. Lakini mavuno ya kila mtumbwi yanapopungua, mvuvi anashawishika kupunguza jicho kidogo tu, inchi 4, halafu 3. Wengine wanaunganisha nyavu mbili au tatu kwenda chini ili wazibe maji kutoka juu hadi kwenye tope. Wengine wanageukia kokoro, wavu unaoburutwa hadi ufukweni na kuzoa kila kilichomo, pamoja na mazalia. Wakaja na timba, nyavu za uzi mmoja wa plastiki ambazo zikipotea ziwani zinaendelea kuua bila mwenyewe. Kila hatua ilikuwa ndogo kuliko sumu. Ila kila hatua ilimzoesha mtu kuvunja la jana, na iliwazoesha majirani kunyamaza. Siamini kwamba mtu anaamka asubuhi moja na kumwaga dawa majini. Anafika huko kwa ngazi, na kwenye kila ngazi walikuwepo watu waliomwona akipanda.

Onyo lililo wazi kuliko yote lilitoka sokoni kwenyewe. Mwaka 1997 samaki wa Uganda walikataliwa na baadhi ya nchi za Ulaya kwa sababu ya vijidudu vilivyokutwa ndani yao. Mwishoni mwa mwaka huo Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa Afrika Mashariki na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, zuio lililodumu hadi katikati ya 1998. Yaani ndani ya miaka miwili kabla ya janga la sumu, mlango ulikuwa umeshafungwa na kufunguliwa. Ilikuwa imeonyeshwa mchana kweupe kwamba jina la samaki wa ziwa ni mali ya pamoja, na kwamba uchafu wa sehemu moja unaweza kuwafungia wote. Lakini mazuio yale yalipokewa kama habari ya viwanda na wizara. Vyumba vya kuchakatia vikatiwa vigae na wakaguzi wakaongezwa viwandani, wakati samaki wanavuliwa kilomita nyingi kutoka hapo, na huko mwaloni hali iliendelea vile vile.

Kisha kuna ukimya. Huu unaniuma kuliko mengine, kwa sababu najua ulivyo mwepesi. Mwaloni si mahali pa siri. Mtumbwi ukifika umejaa sato na nyavu zake ni kavu, kila aliyepo anaona. Samaki asiye na alama ya wavu kwenye magamba, aliyelegea kabla ya saa yake, mnunuzi mzoefu anamtambua kwa mkono. Lakini kwenye mizani linaloulizwa ni kilo na bei. Anayeuliza zaidi ya hapo anaitwa mnoko. Anaambiwa anaziba riziki za watu, au anaambiwa maneno ambayo sote tumeyasikia: usipochukua wewe, mwenzako atachukua.

Maneno hayo yana nguvu kwa sababu yana ukweli ndani yake, na watafiti wamelipima jambo hili kwa makini. Mwaka 2002 wanauchumi Ernst Fehr na Simon Gächter walichapisha matokeo ya mchezo walioufanya na wanafunzi 240 huko Zurich. Watu wanne wanawekwa katika kundi, kila mmoja anapewa vipande 20 vya fedha. Anaweza kubaki navyo au kuchangia mfuko wa pamoja. Kila kipande kinachoingia mfukoni kinamrudishia kila mmoja wa wanne sehemu nne za kumi. Kwa hiyo kundi zima linapata zaidi ya kilichotolewa, lakini mtoaji mwenyewe, akipiga hesabu yake peke yake, amepoteza. Wote wakichangia, wote wanaondoka na kingi. Lakini asiyechangia, akiwa amezungukwa na wachangiaji, anaondoka na kingi kuliko wote.

Watu hawaanzi kwa ubinafsi. Katika raundi ya kwanza wengi wanachangia kiasi cha kuridhisha. Kisha wanaona yupo asiyetoa. Raundi inayofuata wanapunguza, inayofuata wanapunguza zaidi, na mwisho mfuko unakaribia kukauka. Utafiti mwingine wa watu hao hao, wakishirikiana na Urs Fischbacher, ulieleza sababu: karibu nusu ya washiriki walikuwa tayari kuchangia kwa kadiri wenzao wanavyochangia, na wasiotaka kutoa chochote walikuwa kama theluthi moja. Hao walio tayari kutoa wenzao wakitoa ndio uti wa mgongo wa kundi lolote. Ndio wavuvi waaminifu wa ziwa letu, na naamini ndio wengi wetu. Hatuvunji kwanza. Ila tukiona wengine wanavunja na hakuna kinachotokea, tunajisikia wajinga kuendelea kuwa waaminifu, na taratibu tunaacha.

Katika mchezo ule, watafiti waliporuhusu washiriki kumtoza faini asiyechangia, mambo yaligeuka. Faini yenyewe iliwagharimu watoaji wake kitu, na watu hawakukutana tena katika raundi za baadaye. Hata hivyo wengi walikubali kulipa gharama hiyo, na michango ikapanda badala ya kushuka. Watu wako tayari kugharimika ili haki isimame.

Lakini tusishangilie haraka. Mwaka 2008 Gächter na wenzake, Benedikt Herrmann na Christian Thöni, walichapisha matokeo ya mchezo huo huo uliofanywa na watu 1,120 katika miji 16 ya nchi mbalimbali. Katika baadhi ya miji ilitokea kwamba wasiochangia waliwaadhibu wachangiaji. Walilipiza kisasi kwa waliojaribu kusimamia mfuko, na huko ushirikiano haukupanda. Nikisoma matokeo hayo namfikiria yule mvuvi anayeitwa mnoko. Adhabu haijengi kundi kama kundi halijakubaliana nani yuko upande wa haki. Ikianza kumwangukia aliyesema ukweli, wengine wote wanajifunza kukaa kimya, na somo hilo wanalijifunza upesi sana.

Sasa kasoro ya Hardin. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake ya kazi kuchunguza jamii zilizotunza mali ya pamoja bila kuigawa na bila kuisubiri serikali. Kisa kimoja alichokieleza katika kitabu chake cha 1990 ni cha wavuvi wa Alanya, pwani ya Uturuki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wakigombania sehemu zenye samaki hadi kupigana. Chama chao kikajaribu utaratibu. Kila Septemba wanaandika orodha ya wavuvi wote na orodha ya maeneo yote ya kutega, yaliyopangwa ili wavu wa mmoja usizuie samaki wa mwingine. Wanapiga kura, kila mmoja anapata eneo lake la kuanzia. Kuanzia hapo hadi Januari kila siku wote wanasogea eneo moja upande wa mashariki, na kuanzia Januari hadi Mei wanasogea upande wa magharibi, kwa kufuata mwendo wa samaki. Kila mtu anapata zamu ya mahali pazuri. Mlinzi wa kulipwa hahitajiki, kwa sababu ukienda mahali pasipo pako utamkuta mwenye zamu ameshaamka mapema, na wenzake wote watasimama naye.

Tazama jinsi kanuni yao ilivyo. Wameitunga wenyewe, inaonekana kwa macho, na inamfanya kila mtu mwenye haki yake kuwa mlinzi. Anayelinda hasemwi, maana analinda zamu yake.

Baada ya marufuku ya 1999, nchi zetu zilijaribu kufuata njia ya namna hiyo. Vikaundwa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, mwalo kwa mwalo, chini ya uratibu wa taasisi ya ziwa yenye makao yake Jinja. Lilikuwa wazo jema, na palipokuwa na viongozi waadilifu lilizaa matunda: mialo ikasafishwa, uvuvi wa sumu ukakemewa hadharani, wageni wakaandikishwa. Lakini dalili zile zile zikarudi. Mahali pengine mwenyekiti wa kikundi alikuwa ndiye mwenye makokoro. Mahali pengine faini ilitozwa bila stakabadhi, na doria ilipotoka ziwani simu ilikuwa imeshawafikia wahusika. Mvuvi aliyetii akamwona asiyetii anarudi na mtumbwi mzito, akaanza kupunguza jicho lake la wavu kama wale wa Zurich walivyopunguza mchango.

Mwisho wake unajulikana. Novemba 2015 Rais Museveni alisimamisha vikundi hivyo Uganda, na kuanzia 2017 jeshi likapewa kazi ya ulinzi wa ziwa. Tanzania nayo mwaka 2018 iliendesha Operesheni Sangara chini ya Waziri Luhaga Mpina, na marundo ya nyavu haramu yakachomwa moto. Siwalaumu waliotaka kuliokoa ziwa. Palikuwa na haja ya kuchukua hatua. Ila nasema kwa uchungu kwamba askari anaingia pale ambapo majirani wamekwisha kushindwana. Anachoma nyavu na kuondoka, naye hamjui aliyekopa kununua wavu wa halali na aliyeazima wa haramu. Wote wawili wanauona moshi tu. Kundi lililoweza kukanyana mapema, kwa faini ya kiasi na maneno ya kikao, linaishia kuadhibiwa lote kwa pamoja, kama lilivyoadhibiwa 1999.

Sote tuna mwalo wetu. Wengi wa wasomaji wa makala haya wako katika VICOBA au chama cha kuweka na kukopa. Mnalijua lile sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake zinazokaa kwa watu watatu tofauti. Mnajua daftari la faini: aliyechelewa, aliyesahau hesabu ya kikao kilichopita, aliyeongea wakati wa kuhesabu fedha. Vijifaini hivyo vinaonekana vya kitoto hadi siku vinapoachwa. Siku moja mwenyekiti anachelewa na hatozwi, kwa heshima. Wiki ya pili mwenye mkopo mkubwa anaomba asomewe marejesho pembeni, asiaibike. Wiki ya tatu mwenye ufunguo mmoja amesafiri, na ufunguo wake ameuacha kwa mwenye ufunguo wa pili. Hakuna aliyeiba bado. Lakini mwanachama wa kawaida, yule mwaminifu aliye tayari kutoa wenzake wakitoa, ameshaona, na ameanza kujiuliza kama alete hisa tano au mbili.

Hapo ndipo pa kusema, ndugu yangu, wakati fedha zote bado zimo ndani ya sanduku. Kusema kunatisha, nami sijidai kwamba ulimi wangu ni mwepesi kuliko wa mwingine. Basi tusimwachie mtu mmoja. Wawili au watatu mkubaliane kabla ya kikao, muombe daftari la faini lisomwe kwa sauti, kuanzia kwa viongozi. Faini iwe ndogo ya kulipika, itozwe kwa kila mtu, na aliyelipa akaribishwe kwenye kiti chake bila kusimangwa. Na akitokea mtu wa kuuliza mbona nyavu hizi ni kavu na samaki wamejaa, msimwite mnoko. Kaeni upande wake siku hiyo hiyo, kabla hajajifunza kunyamaza.